Nilimsikiliza Mwanangu kwa Masikio Tu

Jumatano. Joto la kunata, stima imepotea tangu saa nne, na hasira niliyo nayo leo ni ya kujikasirikia mwenyewe, ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Ukimkasirikia mwingine angalau una mlango wa kuubamiza.

Naandika kabla sijapoa, maana nikipoa nitaanza kujitetea.

Mwanangu Rukia hajui kusoma.

Ana miaka minane. Nimekuwa nikimfundisha mwenyewe nyumbani, hapa Malindi, tangu nilipomtoa shule, yapata miezi minane sasa. Mwezi jana niliandika kwenye ukurasa huu huu kwamba anasoma kitabu kizima bila kukwama, nikawapa wazazi wenzangu ushauri, kifua mbele. Mama mmoja wa Magarini aliniuliza afanyeje na mwanawe anayekwama kila neno. Nikamjibu asiwe na haraka, afanye ninavyofanya mimi. Astaghfirullah.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Nimelelewa chuoni, chuo cha Kurani, na huko mwalimu husoma nawe ukafuatisha, akasoma tena ukafuatisha, mpaka ikaingia kichwani. Ndivyo nilivyohifadhi sura zangu, na ndivyo ninavyojua kufundisha. Basi asubuhi natandika mkeka pale jikoni, Rukia anakaa na kitabu chake, nasoma ukurasa, anafuatisha. Kisha namwachia asome peke yake, nami narudi kwenye kibao cha mbuzi kukuna nazi, masikio kwake na macho kwenye nazi. Akienda vizuri nasema mashallah, endelea. Nikajiona hodari, mwanamke wa kupika na kufundisha kwa mpigo mmoja.

Leo nazi niliikuna mapema. Nikakaa ubavuni pake, si kwa maarifa yoyote, ni vile tu sikuwa na kazi mikononi. Kitabu chenyewe ni cha kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Juzi kilimwagikiwa maji ya ukwaju, kurasa mbili zikagandana. Rukia akazifunua pamoja bila kujua, akaendelea kusoma kwa sauti yake nzuri, na vituo vyake vyote. Kuku amefika mtoni, anamsalimia bata. Mimi natazama ukurasa, hapana mto wala bata. Kuku yuko chini ya ghala, mvua yanyesha.

Nikaweka kidole chini ya neno "mvua". Akasema "bata". Nikachukua penseli nikaandika, "Baba analeta samaki." Hakuitazama karatasi. Alinitazama mimi usoni, akingoja nimwanzishie.

Kitabu kizima amekihifadhi kwa kunisikiliza. Na kile cha kabla yake pia, na cha kabla ya hicho.

Sasa niseme nilichofanya, maana kuandika huku hakuna faida kama nitajipamba. Nilikibwaga kitabu chini. Nikamwambia, "Kumbe siku zote hizi wanidanganya?" Akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema, "Sikudanganyi, mama. Nikisema yote, wewe wafurahi."

Ni kweli. Nilikuwa nikifurahi.

Na kuna jambo la Ijumaa. Baba yake Rukia anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Gongoni, huja nyumbani Alhamisi jioni. Hakulitaka jambo hili la kumfundishia mtoto nyumbani tangu mwanzo, alinikubalia mpaka mwisho wa mwaka, tuone. Dada yake mkubwa, wifi yangu Mwanaisha, hakunikubalia hata siku moja. Kila akija anauliza mtoto asiyevaa sare atakuja kuwa nani. Kwa kutaka kumfunga mdomo, nimewaalika wote Ijumaa baada ya sala, waje wale pilau na wamsikie Rukia akisoma. Hakuna aliyeniomba. Nimejitia kitanzi kwa mikono yangu.

Rukia naye hajaisahau hiyo Ijumaa. Alipokwisha kufuta machozi akaniambia, "Basi nipe kile cha kuku. Hicho sikosei."

Na ingefaa, wallahi. Hakuna mgeni ambaye angesogea kutazama kidole chake kiko wapi. Wifi angenyamaza mwaka mzima. Nilikaa nalo wazo hilo muda wote wa kuosha mchele, na sitasema nilikuwa nikilikataa.

Halafu nikampigia simu baba yake. Nikamweleza yote. Akauliza, wala si kwa ukali, "Ulimtoa shule kwa sababu gani vile?"

Nilimtoa kwa sababu darasani walikuwa wengi mno, wakiitikia pamoja, na mwalimu hakujua kwamba Rukia hasomi. Maneno hayo niliyasema mimi, mbele ya ukoo mzima, tena kwa dharau. Mwalimu yule alikuwa na watoto wamejaa mpaka mlangoni.

Mimi ninaye mmoja.

Mama wa Magarini, kama bado unanisoma, nisamehe. Nanyi wengine mlioniamini, futeni niliyowaambia mwezi jana. Kusoma kwanza na mtoto akafuatisha si vibaya, lakini msiishie hapo kama mimi. Kaa karibu na mwanao uyatazame macho yake, yako kwenye maandishi au yako usoni mwako. Mwanzishe katikati ya ukurasa. Mwandikie jambo la leo ambalo hajapata kulisikia, nani kapiga hodi asubuhi, nini kimepikwa. Nusu saa ya namna hiyo ni bora kuliko asubuhi nzima ya kumpigia kelele ukiwa jikoni. Na anayekwama kila neno, huyo wa Magarini, pengine ndiye anayesoma kweli. Usimkunjie uso. Mimi wangu nimemfundisha kuogopa kukwama.

Wala msidhani namlaumu mtoto, au nakilaumu chuo. Kichwa kama cha Rukia ni mali. Aliyekitumia vibaya ni mimi, kwa uvivu wa kuinua macho.

Alasiri tulikaa barazani, sufuria zote nikaziacha ndani. Nimeandika maneno matatu ya vitu alivyokula mchana. Kwa "bamia" alihangaika mno. Akasema "ba", akanitazama, nikatazama barabarani. Akarudi kwenye karatasi. Ilichukua muda mpaka ulimi ukaniwasha kumtajia, na nilijiuma nisiseme. Ameipata. Hayo mengine mawili bado, na sikushangilia chochote, nilikuwa nimechoka hoi. Miezi minane ya kujisifu, na leo ndiyo tuko kwenye bamia.

Pilau itapikwa Ijumaa, wageni hawafukuzwi. Nitawaambia kabla hawajanawa mikono, ili anayetaka kuninunia anune na tumbo tupu. Wifi atasema, na nusu ya atakayosema nimestahili. Wakitaka arudi shule, sijui nitawajibu nini. Nikitaka kubaki naye, itabidi niombe, si kubishana.

Rukia nimemwambia asiwe na wasiwasi. Ijumaa atakula na kucheza uwanjani na watoto wenzake, hakuna atakayemwita aje asome.

Ameniuliza mara mbili kama nasema kweli.