Kibanda cha baba kwenye ramani

Mwenzangu, leo nimeaibika, acha tu.

Unaijua ile ramani ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuirekebisha. Nimeifungua kutazama kibanda cha marehemu baba cha kutengeneza redio, nikakuta mtu amekifuta. Pembeni kuna kitufe kipya, "Tengua". Siku hizi wamerahisisha. Nikabonyeza bila kusoma.

Kumbe nimetengua kila alichofanya yule mtu siku ile. Kibanda kimerudi, ndiyo. Zahanati haipo. Barabara mpya haipo. Mimi ninayepotea nikitafuta choo ugenini, nimefuta nusu ya mtaa.

Mara msimamizi wa ramani akaniandikia: "Dada, zahanati umeipeleka wapi?"

Zahanati umeipeleka wapi. Niko kaunta, wateja wananitazama, nikafunika simu kwa kitambaa cha kufutia meza kana kwamba atanichungulia.

Nikaomba radhi. Akasema, "Usijali, natengua ulichotengua, ni kubonyeza tu. Ila kibanda kitafutika tena."

Nikamwomba akiache hicho kimoja. Akauliza, "Kwani bado kinafanya kazi?"

Hapo ningesema ukweli. Vidole vikaandika: "Mwenyewe ametoka kidogo."

Ametoka kidogo. Na wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini.

Msimamizi akabonyeza. Halafu zahanati ikarudi, barabara ikarudi, na kibanda akakiacha palepale. Nimekigusa kwa kidole kuona ameandika nini.

"Kimefungwa kwa muda."