Neno la Kuondokea

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Natumai barua hii itakukuta umeketi penye hewa, goti limetulia na kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha. Mimi ni mzima, nakula na nalala. Jirani yako wa ukuta mmoja hajambo? Na mwanawe aliyevunjika mkono, mfupa umeunga? Wasalimu wote. Ila barua hii isome mwenyewe, hata kama itakuchukua siku nzima. Usimpe kaka akusomee, maana kaka ana kipaji cha kusoma hata yasiyoandikwa.

Najua ameshakufikishia habari zangu, na habari ikipita kinywani mwa kaka hufika imenenepa. Amekwambia nilitukanwa mbele ya stesheni nzima. Kweli. Amekwambia nilitolewa kwenye matangazo nikatupwa bohari ya mizigo. Kweli pia. Amekwambia nashinda nikilia na kuomba kurudi nyumbani. Hapo ametia chumvi mpaka mchuzi hauliki. Ngoja nikueleze mimi mwenyewe, mwenye habari.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye kile chumba cha vioo juu ya majukwaa, na kipaza sauti na feni inayopiga kelele kuliko upepo wake, nawatangazia abiria treni zao. Kwa Kiswahili sikuwahi kupata mpinzani. Basi stesheni masta akaleta agizo kwamba matangazo yote yatolewe na kwa Kiingereza, kwa kuwa wageni wanaopita wamekuwa wengi. Anayeweza abaki, asiyeweza apishe. Na Kiingereza changu, mama, kilikuwa cha kuombea maji tu. Nikajiandikisha darasa la jioni.

Mwalimu wetu ni mama mfupi mwenye mvi, mkali kama pilipili kichaa, hakai mpaka kipindi kiishe. Kwa vile wengi wetu tulikuwa watu wa njiani, dereva wa lori, mkata tiketi na mimi, alituanzishia maneno ya kuanza safari. Akaandika ubaoni "set". Hilo peke yake, akasema, ni kuweka, kama unavyoweka sahani mezani. Akalitia "off" nyuma yake, likawa kufunga safari. Akatia na "for", ndipo tukaruhusiwa kutaja tunakokwenda. Ukisema "set out", nalo lina masharti yake: ukitaja mahali hudai "for", ukitaja safari yenyewe hudai "on". Dereva wa lori akauliza kwa nini hawa watu wanafunga matela mawili kwenye gari dogo namna ile. Tulicheka mpaka madawati yakalia.

Mwalimu hakucheka. Alisema lugha yetu inafanya hayo hayo, ila yenyewe huyaficha tumboni mwa neno. Mtu akihama, kuna mahali anapaacha. Akihamia, kuna mahali anapafuata. Ni nani aliyetufundisha hilo? Akasema sisi tumeyameza na wenzetu wanayaburuta nyuma, kwa hiyo tuache kucheka, tujifunze kuburuta.

Lililoniponza mimi ni "leave", yaani kuondoka. Mwalimu alituonya: ukilibandika mahali moja kwa moja, hapo ndipo unapopaacha. Ukitaka pawe ndiko unakokwenda, "for" lazima ikae katikati. Nilikariri nikipika, nikakariri nikifua. Kisha siku ikafika. Treni ya kwenda mji wa machimboni ilikuwa imesimama jukwaa la pili. Nikatangaza Kiswahili changu kikatiririka, nikaingia kwenye Kiingereza mbio mbio. Nikasema treni "is now leaving", nikautaja mji wa machimboni, na ile "for" nikaimeza.

Chini yangu kwenye benchi walikuwa wameketi mabibi wawili wa kigeni na mabegi yao. Wakaelewa kwamba treni yao ndiyo kwanza inatoka huko machimboni, kwamba bado ina safari nzima ya kuja. Wakafungua chupa ya chai wakatulia. Treni yao ikaondoka mbele ya macho yao, nao wakiwapungia mikono watoto waliokuwa madirishani.

Stesheni masta alizipanda ngazi akihema. Hakutazama taa nyekundu. Kipaza sauti kilikuwa bado kiko wazi. Alisema yote: kwamba nina ulimi wa jikoni na urudi jikoni, kwamba darasa la jioni ni la watu waliokosa wa kuwaoa, na mengine ambayo sitayaandika kwenye karatasi utakayoishika wewe. Kupitia kioo niliona nyuso zote za majukwaani zimeinuka. Alipotua kuvuta pumzi nikainamia kipaza sauti. Nilisema, "Ndugu abiria, mmesikia makosa mawili. La kwanza ni langu, nimeacha neno moja, na ninaomba radhi. La pili si langu." Kisha nikarudia tangazo lile la Kiingereza, ingawa treni ilikwisha kwenda, na "for" nikaikalisha mahali pake, imejitanua kama mwenye nyumba. Ndipo nikazima. Wachukuzi wa mizigo walipiga makofi hadi stesheni masta akashuka kwa ngazi za nyuma.

Kesho yake nikahamishiwa bohari. Wachukuzi wakanipachika jina, Bi For. Mwanzo liliniuma, halafu nikaligeuza mjeledi wa kujichapia. Niliwaambia kila anayepita na mkokoteni anirushie neno. Mmoja anapita akipiga kelele, "Head!" nami najibu, "For!" maana yake kuelekea mahali. Mwingine, "Pull out!" nami, "Of!" kwa kuwa ndivyo treni inavyosemwa ikijivuta kutoka stesheni. Kulikuwa na mzee mmoja wa mkokoteni asiyejua Kiingereza hata cha kuapia, naye akajua kunisahihisha. Tulicheka sana humo bohari, mama. Kaka alinikuta siku moja machozi yananitoka, akadhani ni kilio.

Mkaguzi wa watangazaji alipokuja kutoka makao makuu, nilipanda juu bila kuitwa. Stesheni masta akamwambia mimi ni wa mizigo. Nikasema mizigo haisemi, mimi nasema. Mkaguzi, mwanamke mpole asiye na haraka, akanipa treni zote za siku ile. Sikuteleza hata moja. Nikarudishwa kwenye chumba changu cha vioo, na stesheni masta akanuna kama aliyelambishwa shubiri.

Sasa ndipo kaka akaniingilia. Alikwenda kwa stesheni masta nyuma ya mgongo wangu, akamwambia kwamba familia imeamua niache kazi mwisho wa mwezi kwa sababu uko peke yako. Stesheni masta akaipokea habari kwa mikono miwili. Nilijua pale nilipomwona anamleta binti mmoja kumwonyesha swichi zangu. Nilipomuuliza kaka, alisema tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa, na kwamba wewe unalia kila jioni. Nikamjibu kwamba baba aliniachia kaka, hakuniachia mlinzi, na kwamba mama ana kinywa chake. Kwa stesheni masta nilienda pia. Nikamwambia mdomo ulioacha kazi si wangu. Akasema familia imeshasema, nafasi imeshatolewa.

Mama, hapa ujikaze. Siku ile ya mtihani, mkaguzi alininong'oneza kwamba kwenye makutano makubwa ya reli, mbali na huko, wanatafuta mtangazaji wa lugha mbili. Nikaomba, nikakubaliwa. Sikumwambia mtu. Sikukwambia hata wewe, kwa kuwa nyumbani kwetu kila neno hupitia kwa kaka kwanza. Siku yangu ya mwisho, treni ya mchana ya kuja huku niliitangaza mwenyewe, kwa lugha zote mbili, sikupunguza neno. Kisha nikazima kipaza sauti, nikampa yule binti ufunguo na kumwonya kuhusu taa nyekundu, nikachukua begi langu nikashuka, nikaipanda treni hiyo hiyo. Stesheni masta alikuwa jukwaani na bendera yake ya kijani. Aliponiona dirishani alitaka kuishusha, lakini treni ilikuwa tayari na saa imefika, ikambidi aipeperushe.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba changu kipya. Kina dirisha moja, meza, na kitanda kinachowatosha wawili. Kazi naanza kesho. Sirudi kukaa huko, mama, na sitaomba ruhusa ya jambo lililokwisha kufanyika. Kaka akija kunifuata nitampikia ale, alale, kisha nitamsindikiza mpaka kwenye treni yake.

Lakini wewe ni mwingine. Kama kweli ulilia, niandikie kwa mkono wako, hata kama herufi zitapinda, uniambie ulilia nini. Kama goti limezidi, njoo tukae wote. Ukinyamaza, nitajua kilio kile kilikuwa cha kaka.

Nisalimie majirani, shangazi, na wote wanaoniulizia kwa wema. Mungu akupe afya na usingizi mzuri.

Ni mimi bintiyo, kitinda mimba wako,
mtangazaji.