Ng'ombe wa Mahari Wasiingie Zizini

Mama, shikamoo. Nimekwenda Igoma kumleta daktari wa mifugo. Usifungue zizi kwa yeyote.

Asubuhi wakwe wa dada Hellen walileta ng'ombe wa mahari, wakitaka ng'ombe hao walale zizini mwetu kama ilivyo mila. Nikasimama langoni: "Shikamooni wazee. Ng'ombe wa Baba wametengwa, wanauzwa Uganda. Ng'ombe wageni wakichangamana nao, cheti cha afya hatupati."

Dada akalia kwamba nimemvunjia ndoa. Lakini Mzee Machibya, baba mkwe wake, akacheka: "Wanaolinda ng'ombe hivi ndio wakwe tunaowataka." Wakawafunga kwa jirani.

Wakwe wanarudi mchana. Wapikie ~~chai~~ kuku. Dada hanisemeshi, mwambie nimemsamehe, ila anibakizie paja.

Mwanao Kashindye,
Mkuu wa Zizi