Mama Amekula Wali wa Sabuni Miaka Kumi na Miwili

Mpendwa Mama Violante, naomba msaada wako, na kabla sijaanza naomba usicheke, maana mume wangu ameshacheka kwa niaba ya Rotterdam nzima.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mzaliwa wa kisiwa cha Santo Antão, nasafisha ofisi hapa mjini, na miaka kumi na miwili sasa, kila ikikaribia Oktoba nanunua pipa la bluu, nalisimamisha koridoni, nyumba nzima inaanza kupita ubavu ubavu mpaka lijae, nimtumie kwa meli mama yangu aliyeko Paúl, kisiwani kwetu, na mimi nikifunga pipa nafunga kweli, makopo ya nyama chini, mchele, tambi, maziwa ya unga, kahawa, biskuti, na kila penye upenyo naziba kwa sabuni, za vipande na za unga, zile zenye harufu ya maua, kwa sababu marehemu shangazi aliyenifundisha alisema pipa lisiwe na kitu kinachocheza ndani, na sifa ninayo, watu wananiita hadi mji wa jirani, Schiedam, niwafungie yao.

Sasa mwezi wa nane alikuja Zenaida, binti wa kaka yangu, aliyelelewa na mama yangu, kaja kusoma, nikamwekea chai na biskuti zilezile ninazotuma, nimezinunua duka la hapo chini, akauma moja, akaigeuza, akaniangalia kwa huruma.

"Shangazi, umeuziwa feki."

"Feki vipi? Si ndizo hizi ninazowatumia kila mwaka?"

"Aa, zile zetu zina ladha ya Uholanzi. Hizi hazina kitu."

Nikamuuliza ladha gani hiyo, akafikiri, akanyanyuka, akaenda kwenye kamba ya nguo, akarudi na shati la mume wangu lililotoka kufuliwa, akaniwekea puani. "Hii."

Mama Violante, hebu fikiria. Wiki sita baharini, kontena linachemka kwa jua, mfuniko umebanwa kwa pete ya chuma, na harufu haina pa kwenda isipokuwa kwenye mchele! Zenaida akanieleza yote, kwamba mama huuanika ule mchele juu ya paa siku tatu, anauosha maji saba na bado unanuka, kwamba watoto wa jirani wakila biskuti wanapuliza wakisema labda leo povu litatoka, na kwamba hata kahawa ya misa ya mwaka ya baba, maana baba alipofariki miaka tisa iliyopita sikwenda kumzika, nikatuma kahawa na sukari za misa, hata hiyo watu waliinywa hivyohivyo wakamwombea marehemu na hakuna aliyesema neno.

Nikampigia mama. "Mama, kila mwaka unanipigia kusema wali ni mtamu, kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba chakula kina sabuni!"

"Nani kasema? Zenaida? Huyo mdomo wake haujui kufungwa. Wali mzuri tu. Wa mwaka jana bado ninao, naula kidogo kidogo. Wewe umekula?"

Nikalia, naye akasema simu inakatakata, na haikuwa inakatakata.

Mume wangu anasema, "Mama Dário, acha mapipa. Huko mjini Mindelo maduka yamejaa, tuma hela, bibi apate wali usio na povu." Lakini nisipotuma pipa mimi ni mtoto gani? Kwenda mwenyewe siwezi, tangu mambo ya msiba wa baba sina uso wa kuingia ile nyumba. Pipa liko koridoni, limefika nusu, meli ya mwisho ya kuwahi Krismasi inapakia Jumamosi ya wiki ijayo. Niachane nalo, au nilitume bila sabuni, au nifanye nini, maana kila nikilipita naona aibu?

Mimi Mwenye Pipa, Delfshaven

MAMA VIOLANTE ANAJIBU

Mwenye Pipa mpenzi, nimecheka. Samahani. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye misa ya baba yako, hapo nikavua miwani nikaifuta.

Tuanze na lililo jepesi. Sabuni na chakula havikai pipa moja, hata ukiifunga mifuko mitatu. Shangazi yako, Mungu amrehemu, alikufundisha kuziba, hakukufundisha kunusa. Penye upenyo weka soksi, taulo, kanga, au maziwa ya unga ukiyagawa vipakiti vidogo. Sabuni atanunua hukohuko kisiwani, Porto Novo. Na usijione wa kwanza: mimi mwaka wangu wa kwanza nilituma jibini, mwezi wa saba. Tuliache hapo.

Mumeo ana haki ya kucheka, ushauri wake akae nao. Pipa lisiache kwenda. Mama yako hajawahi kukosa mchele, anachopokea humo ni mkono wako, na wewe unalijua hilo.

Sasa nikugombeze kidogo, binti yangu. Umeniandikia sabuni, sabuni, sabuni, na habari ya kutomzika baba yako umeipitisha katikati ya sentensi ya kahawa, kama mtu anayepita koridoni kwa ubavu. Nimekuona. Aibu yako haitoki kwenye biskuti. Miaka tisa umekuwa ukilituma pipa likusemee, pipa la watu, halina mdomo.

Unauliza kwa nini mama alinyamaza? Aliogopa. Angelalamika ungeacha kutuma, na akikukosa wewe, akakosa na pipa, angebaki na nini? Kwa hiyo akapanda juu ya paa na sinia lake, mwanamke mzima wa umri ule, akaanika mchele siku tatu, halafu akakupigia kusema ni mtamu. Hilo ndilo penzi ulilokuwa unapokea miaka yote hii bila kujua, na mtu anayekupenda hivyo hakufungii mlango kwa sababu ya msiba. Huo uso unaosema huna, ndio anaousubiri.

Basi fanya hivi. Malizia pipa, chakula kitupu, lipeleke melini Jumamosi. Jumatatu yake kaombe likizo ya Desemba, na usiniambie habari za ofisi, vumbi la Waholanzi litakusubiri. Nenda ufike kabla ya pipa. Siku ya kwanza nenda makaburini kwa baba, na mama akushike mkono. Lia huko, ulie yote.

Ukirudi nyumbani, kabla pipa jipya halijafika, mwambie akupikie ule mchele wa mwaka jana. Atakataa, atasema umeisha. Sisitiza. Kaa mezani, ule mbele yake, sahani nzima, usiache punje, kisha umwambie ni mtamu. Yeye amekuambia hivyo mara kumi na mbili.