Tangi la Juu na Fundi Aliyewekwa Ndani kwa Ajili Yetu

MAELEZO YA SHAHIDI

Anajulikana kama: Mama Cherehani (jina kamili liko kwenye jalada)
Umri: miaka 51
Kazi: mshonaji nguo, nyumbani
Makazi: nyumba ya familia ya mume, mtaa wa nyuma ya soko
Anayeshikiliwa: fundi bomba

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeapa kusema kweli, na mimi kiapo nakiogopa. Ndiyo maana nimechelewa kuja: nyumbani nilikuwa nimeshaapishwa kiapo kingine. Nitaeleza.

Chini tunaishi mimi na mume wangu. Chumba cha uani ni cha mama mkwe. Juu yuko shemeji, kaka yake mume wangu, na mkewe na binti yao wa miaka sita. Tangi la maji ni moja, liko juu ya paa la zege, na sote tunakunywa humo. Tangu mwezi uliopita mama na wanawe hao wawili hawasemeshani. Chanzo ni choo cha juu, kilivuja mpaka kikamaliza tangi. Mume wangu alimwita kaka yake mzembe, shemeji akasema mdogo wake hana adabu, mama akasema wote wawili hakuwazaa yeye. Toka siku hiyo hata salamu zinapitia kwangu. "Mwambie mumeo." "Mwambie shemeji yako." Nimechoka, afande.

Mnamo Alhamisi, tarehe 14, saa tatu asubuhi, fundi alikuja. Alibadilisha boya la choo, akapanda juu, akafungua tangi, akaniita nione. Chini kulikuwa na tope jekundu lililoletwa na mabomba ya zamani, na ukutani utelezi wa kijani. Nikasema, "Ee Mungu wangu, hiki ndicho tunachokunywa?" Akasema, "Mama, tangi huoshwa kila baada ya miezi sita. Hili lenu nadhani linasubiri gharika ya Nuhu." Akalisugua, akalimwaga, akabana mfuniko.

Maelekezo yake yalikuwa haya: dawa ya maji isiwekwe mpaka tangi lijae, kipimo kimoja tu kwa tangi zima, na aweke mtu mmoja. Alitaka kuwaambia wote pamoja. Nilimwambia pamoja haiwezekani. Basi maskini ya Mungu akaenda uani akamwambia mama, akapanda juu akamwambia shemeji, akamsubiri mume wangu atoke kazini akamwambia naye. Kila mmoja alijibu, "Niachie mimi." Hakuna aliyeuliza kama mwenzake naye kasema hivyo.

Ufunguo wa mlango wa paa ninao mimi, kwa kuwa naanika huko vitambaa vya wateja.

Saa kumi na mbili jioni mama aliuomba, akasema anakwenda kuanua shuka. Aliporudi alinishika mkono. "Mwanangu, dawa nimeshaweka. Nimezidisha kidogo, maana matumbo ya hawa wanangu nayajua mimi. Niapie kwa Mungu hutawaambia. Wakijua ni mimi hawatakunywa, kwa jeuri tu." Nikaapa. Kumkatalia mama mkwe si kazi ndogo, afande, kamuulize mkeo.

Ijumaa alfajiri nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kusali, shemeji akagonga. Alitaka ufunguo, eti antena imelala. Akashuka anapangusa mikono. "Shemeji, dawa nimeweka, hili liwe letu. Mumeo asijue nimemhudumia."

"Shemeji, ngoja kwanza, hiyo dawa..."

"Najua, unataka kutupatanisha. Siyo asubuhi hii." Akaenda zake, ufunguo kauacha mlangoni.

Nikakaa kwenye mkeka nikiwaza, ndipo nikaenda kumwamsha mume wangu. Kitanda kitupu. Nikamkuta anashuka kutoka paani.

"Umetoka wapi?"

"Kuangalia boya la tangi."

Mikono yake ilinuka kama sakafu ya hospitali. Nikamwambia, "Baba, hayo maji hayanyweki. Tufungue bomba zote yamwagike."

"Kwani nani mwingine kaweka dawa?"

"Nimeapishwa."

"Basi kama huwezi kumtaja, hayupo."

Nilipanda mwenyewe nikachungulia. Wiki hiyo maji yalikuwa yakija kwa kudondoka, tangi halikufika hata robo. Macho yaliniwasha papo hapo. Nilishuka nikipiga kelele, "Jamani huko juu, msitumie maji!" Shemeji akajibu kupitia dirishani, "Mwambie mumeo tangi si la baba yake peke yake!" Baba yao ni mmoja, afande.

Wakati huo mtoto alikuwa ameshapiga mswaki na kunywa kikombe kizima. Alitapika, akalia koo linamwaka. Tulimkimbiza hospitali. Namshukuru Mungu, daktari amesema atapona, na leo ameomba biskuti.

Pale hospitalini shemeji alisema, "Maji yametiwa sumu. Aliyeingia tangini ni fundi peke yake." Kila mmoja wao, hata mama na mume wangu, alijua yeye kaweka kidogo tu, kwa hiyo aliona kweli kuna mkono wa mtu mwingine. Saa nane mchana fundi alikamatwa akiwa chini ya sinki la jirani. Aliponiona aliita, "Mama, si ulikuwepo? Mimi sikuweka hata chembe!" Nilikuwepo. Nikainamisha kichwa.

Nimemwomba Mungu anifungue kiapo changu. Sikusikia jibu, nikavaa viatu nikaja.

Fundi hana kosa. Dawa imewekwa na mama mkwe, shemeji na mume wangu, kila mtu kwa siri yake na kwa nia njema, na hiyo nia njema ndiyo iliyomlaza mtoto. Naomba aachiwe leo. Mtu hawezi kulala sakafuni kwa sababu sisi hatusalimiani.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe. Nimesomewa, nimeyatambua kuwa ni yangu, naweka sahihi.

(Sahihi ya shahidi)

Kumbukumbu ya askari wa zamu: Nimeandika maelezo haya Jumamosi, tarehe 16, saa tatu asubuhi. Kabla shahidi hajaondoka walifika kituoni, kila mtu kwa wakati wake, mama mmoja mzee na wanaume wawili, wakakaa mbalimbali kwenye benchi. Kila mmoja aliniomba faragha, akasema ana neno kuhusu dawa ya tangi, ila hao wengine wasijue. Nimewaingiza wote chumba kimoja. Fundi ameachiwa huru. Nilimuuliza kama ana la kuwaambia. Alijibu kuwa ameshawaambia mara tatu.