Nilivyomfungia Njiwa Njia

Soko la Kathonzweni,
Makueni.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa dada Katunge,

Pokea salamu kutoka kwa mke wa mtu! Haki, bado nikiandika hivyo natabasamu peke yangu. Habari ya Doha? Joto la huko linakutendeaje, na ile shingo iliyokuwa ikikuuma imepoa? Sisi tu wazima. Mbaazi zimezaa kiasi, na mimi nimejaa mashavu kwa raha.

Musyimi wangu ni mzima pia. Dada, laiti ungemsikia anavyoniita "Nzila" kutoka upande ule wa duka, sauti chini, kana kwamba wateja hawana masikio! Asubuhi yeye anainua mlango wa chuma, mimi nafagia. Sikujua kufagia kuna utamu.

Sasa nikuambie, maana wewe unaujua wivu wangu.

Kompyuta za duka letu la mtandao zilikuwa zikimaliza bando bila sisi kujua, zikituma vitu nje zenyewe. Musyimi akaweka programu ya ulinzi. Sasa programu yoyote ikitaka kutoka kwenda mtandaoni, kidirisha kinatokea na kuuliza: iruhusiwe au ikataliwe? Akanifundisha kukitumia. "Watu huogopa kinachoingia tu," akasema. "Wewe mpenzi angalia kinachotoka." Nikaangalia, dada. Niliangalia kuliko alivyotaka.

Kwenye kompyuta ya kaunta, ile yake mwenyewe, kulikuwa na programu aliyoiita Njiwa. Kila jioni Njiwa anatoka. Haulizwi chochote, kwa sababu Musyimi alishampa ruhusa ya kudumu. Anabeba mzigo mdogo, wa kutosha picha moja, na anaupeleka mahali palepale siku zote.

Picha ya nani? Kwa nani? Chapati ziliungua nikiwaza. Kila msichana aliyekuja kuchapisha barua ya kazi nilimwona ndiye. Nasima wa duka la leso akimsalimu tu "shemeji," nilikuwa nahesabu meno aliyoyaonyesha. Na kumwuliza Musyimi sikuweza. Je, angejibu kile nilichokuwa nakiogopa? Mume nimempata juzi, dada, halafu nimpoteze kwa swali langu mwenyewe?

Basi yeye alipoenda kuchukua maziwa, nikabonyeza: kataa, daima. Jioni hiyo nilipika pilau nikiimba.

Jana nani anaingia dukani, kofia mkononi? Baba yako! Mjomba Nyamai, moja kwa moja kutoka Kikima, bila hata kupiga simu. Nikamletea chai, akaikataa. Unajua baba yako akikataa chai kuna kesi.

"Nzilani, mama yako amenituma. Huyu kijana amekupiga?"

"Aiya, mjomba! Nani anipige?"

"Basi mbona picha zimekatika?"

Musyimi alibaki kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akaeleza, macho sakafuni. Unajua kwetu mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana. Hata njiani wanapishana mbali, sembuse kupigiana simu kupiga gumzo. Lakini baada ya harusi mama alimwambia mjomba kwamba hana amani, kwa sababu mimi nikipiga simu nasema tu niko sawa, na hayo ndiyo maneno ya kila mwanamke, awe analia au anacheka. Mjomba akamfikishia Musyimi. Ndipo akatengeneza Njiwa: kila jioni picha yangu moja imfikie mama kwenye simu yake, bila namba ya mkwe, bila salamu, bila mtu kumkabili mwenzake. Picha zilipokoma, mama akajua ndoa imevunjika. Alikuwa ameshanitandikia kitanda!

Musyimi akafungua ile programu ya ulinzi. "Njiwa amefungiwa. Neno la siri tunalijua wawili tu."

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani ni mwanamke."

"Si ni mwanamke kweli?" mjomba akasema. "Ni mama yako!" Alicheka mpaka akaiomba ile chai.

Ungedhani wivu uliisha hapo. Nikaziona picha zenyewe, alizokuwa akinipiga kwa simu nisipoangalia: niko na fagio, nasinzia kaunta, nimefungua mdomo nikimcheka mteja. Na kila picha ameipa jina. "Leo amesuka." "Amekula vizuri." "Hajui jinsi alivyo mrembo." Katunge! Hilo la mwisho mimi hajawahi kuniambia! Amemwambia mama yangu! Sasa nimwonee wivu nani, mwanamke aliyenizaa? Namwonea, ndiyo. Sijifichi.

Njiwa nimemfungulia, ila kwa sharti langu. Ruhusa ya kudumu nimeiondoa. Kidirisha kinauliza kila jioni, na mwenye kubonyeza ni mimi. Sibonyezi mpaka Musyimi alitamke jina la picha kwa mdomo wake, mbele yangu. Leo jioni alikuna shingo, akatazama mlangoni kama kuna mteja, akainama sikioni pangu, akalisema. Mama amepata picha. Jina nimelifuta kabla haijatoka. Hilo ni langu.

Mama anakusalimu sana, na mdogo wangu Muthoki pia, na mjomba anasema upunguze chumvi. Mungu akufunike huko ugenini, na akuletee wako wa kukuonea wivu.

Mdogo wako anayekupenda bila kipimo,
Nzilani wa Musyimi