Taulo Kwenye Mlango wa Bafu

Niaje Mueni, mko poa hapo kwa ploti?

Huku Uingereza baridi inauma hadi meno. Leo nilitembelea bafu la umma la enzi za Malkia Viktoria, matajiri na mlango wao, maskini na wao. Nikakuta taulo limetundikwa kwa mlango mmoja. Si unajua kwetu hapo ndani kuna mtu anaoga? Nikasimama kungoja zamu yangu. Wazungu nao wakapanga foleni nyuma yangu, kimya, hata hawakuuliza! Miguu ilishakufa ganzi mlinzi alipokuja akicheka: "Madam, haya ni makumbusho. Hakuna aliyeoga humu tangu kabla hujazaliwa."

Salimia Mama. Na utundike leso yangu ya kujifunga kwa mlango wa bafu letu, wapangaji wenzetu wasidhani zamu yangu imeisha.

Dada yako, Kalondu